Wycliffe na Wale Sabini

Somo la juma: Luka 10:1–20



Siku ya ubatizo katika makanisa mengi ya magharibi mwa Kenya, jina Wycliffe halikosi mezani pa karani. Limezoeleka hata wengine hulidhani la Biblia. Ukifungua kitabu cha ubatizo utalikuta limevaa kila vazi: huyu ni Wycliffe, binamu yake Wyclif, na wa tatu kaandikwa Wiklifu, vile vile bibi yake anavyolitamka. Wanalo wanasiasa kama Musalia Mudavadi na Oparanya, na analo Kinyamal, mkimbiaji aliyeshinda mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 na tena 2022.

Lakini tafuta kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, hulipati. Ni jina la ukoo la Kiingereza, na kabla ya kuwa la ukoo lilikuwa la kijiji. Kijiji cha Wycliffe kipo hadi leo kaskazini mwa Uingereza, kando ya mto Tees. Zamani Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Akina John walipozidi ikabidi wapambanuliwe: huyu kwa kazi yake, yule kwa jina la baba, mwingine kwa kwao. Ndivyo majina mengi ya mahali yalivyogeuka kuwa ya koo. Tahajia nayo haikutulia hata huko kwao, kwani wapo walioandika Wyclif, wengine Wickliffe. Kwa hiyo karani wetu asione haya.

Aliyelivumisha jina hilo, John Wycliffe, alikuwa padri na mwalimu wa Oxford katika karne ya 14. Alifundisha kwamba Maandiko ndiyo kipimo cha kila fundisho, hata likitoka kwa Papa, na kwamba mkulima anastahili kuyasikia kwa lugha anayoijua. Mnamo miaka ya 1380 Biblia ya Kiingereza iliyotafsiriwa kutoka Kilatini ikaanza kupita mikononi mwa watu, yote ikiwa imeandikwa kwa mkono. Wycliffe alipooza akiwa ibadani katika parokia yake ya Lutterworth, akafariki tarehe 31 Desemba 1384.

Wakubwa hawakumwachia hata kaburi. Mwaka 1415 Baraza la Kanisa lililoketi Constance lilimtangaza mzushi na kuamuru mifupa yake iondolewe kwenye ardhi takatifu. Mwaka 1428 ikafukuliwa, ikachomwa moto, na majivu yakamwagwa katika mto mdogo uitwao Swift, asibaki na mahali pa kuzuriwa. Leo jina hilo huitwa asubuhi mwalimu anapopitia orodha darasani, na mtoto anajibu, “Nipo.”

Hapa wahubiri wengi hufunga Biblia na kusema jina jema hung’ara gizani. Ni kweli, ila mimi naomba tuendelee kidogo, maana Biblia ile tunayoiita ya Wycliffe haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wanahistoria hawajakubaliana ni sehemu gani aliyoitafsiri yeye mwenyewe. Nicholas wa Hereford anatajwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo, na nyuma yao walikuwako watafsiri na wanakili ambao majina yao yamepotea. Nakala zaidi ya 250 zimesalia mpaka leo. Kila moja ina mtu aliyeinama juu ya ngozi iliyopigwa mistari, akachovya unyoya kwenye wino, na alipokosea akaparua kwa kisu na kuandika upya. Kuanzia mwaka 1409 tafsiri mpya zilipigwa marufuku pasipo idhini ya askofu, hivyo kuweka jina lako chini ya kazi kama hiyo kungeweza kukuponza.

Nasi tuna watafsiri wa kwetu, wa Kiswahili. Tunamkumbuka Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere wa Zanzibar. Wenyeji walioketi nao, wakawaambia hili husemwa hivi na lile halisemwi, ni wangapi tunaowajua kwa majina?

Sasa turudi kwa Luka. Mitume kumi na wawili tunaweza kuwataja kwa majina. Wale wengine sabini walitumwa na Yesu wawili wawili, bila mfuko wala viatu, wakahubiri, wakaponya wagonjwa, wakarudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii kwa jina la Yesu. Bwana akawaelekeza wafurahie jambo lingine: kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Luka ni mwandishi asiyechoka kutaja watu. Ametuachia jina la Ana, na la baba yake Fanueli, na la kabila lao. Katika wale sabini hakutaja hata mmoja.

Wazazi, mkitaka kumwita mtoto Wycliffe, mwiteni. Mkitaka kumpa la babu yake, mpeni, kwa kuwa jina la ukoo wa Kiingereza halina utakatifu zaidi kuliko la ukoo wenu. Ila mwelezeni kwa nini mmemwita hivyo, asije akabeba jina kama mzigo wa mtu mwingine.

Nasi tuliozoea kutajwa, tujiulize. Siku ya harambee, orodha ya waliotoa isiposomwa, tutatoa kiasi kile kile? Kibao cha mfadhili kisipobandikwa ukutani, bado tutaezeka paa? Juma hili chagua kazi moja ya Injili ambayo hakuna atakayejua kuwa ni wewe: karo ya mtoto wa jirani, usafi wa vyoo vya kanisa, kumsomea Neno mzee ambaye macho yamemwishia. Na Jumapili katibu akiliruka jina lako katika matangazo, usimwandame mlangoni. Mpe mkono, umwulize kazi gani imebaki.

Sala: Bwana, tufundishe kufanya kazi kwa jina lako na kutosheka kwamba wewe unatujua. Amina.