Mwuguzi Akiondolewa Kazini, Amepoteza Nini?



Yuko mtu ambaye kazi yake ni kumwuguza mgonjwa asiyetarajiwa kupona upesi, ao asiyetarajiwa kupona kabisa: mzee aliyepooza, mwenye ukoma aliyepoteza vidole, kipofu asiye na jamaa. Humwosha asubuhi, humgeuza kitandani, humfunga vidonda, humlisha. Kazi hiyo si ya juma moja. Ni ya miaka kumi, pengine ishirini. Halafu siku moja aitwa ofisini, apewa barua: kazi yako imekwisha. Hakuiba, hakulewa, hakumpiga mtu. Fedha zimepunguka tu, ao nyumba ya wagonjwa yafungwa. Basi twauliza: mtu huyo amepoteza nini hasa? Na imempasa kufanya nini?

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Tazameni habari ya ukoma. Mwaka 1873 Daktari Hansen wa Norwe aliviona vijidudu vya ugonjwa huo. Mwaka ule ule padri Damiani, Mbelgiji, alifika Molokai kukaa na wenye ukoma waliotengwa na watu, naye akafa kwa ukoma mwaka 1889. Kuvijua vijidudu hakukuleta dawa mara moja. Hapa Kongo vilijengwa vijiji vya wenye ukoma, kama Iyonda, karibu na mji uitwao leo Mbandaka, alikotumika Daktari Michel Lechat katika miaka ya 1950. Dawa ya dapsoni iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1940 ilikuwa ya kumezwa miaka mingi, na wengine waliimeza mpaka kufa. Mgonjwa aliingia kijijini kwa maisha yake yote, na mwuguzi naye alidhani kazi yake ni ya maisha yote. Lakini mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zichanganywe: rifampisini, dapsoni, na klofazimini. Mgonjwa azimeza miezi 6 ao 12, tena akiwa nyumbani kwake. Ukoma haujaisha katika Kongo, lakini vijiji vile havikuwa na haja tena ya wauguzi wengi kama zamani.

Je, mwuguzi wa namna hiyo afurahi ama alie? Wako wanaomwambia: «Usilie, wagonjwa wamepona, si ndilo ulilolitaka?» Maneno hayo ni kweli, lakini yasemwa mapema mno, na kwa kawaida yasemwa na mtu ambaye mshahara wake ungalipo. Mimi naona mtu aweza kufurahi na kulia kwa jambo moja. Mama anayemwoza binti yake hufanya hivyo mbele ya arusi nzima, wala hakuna anayemwita mnafiki.

Juu ya mshahara nitasema kwa kifupi, maana njaa haihitaji mwalimu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 yaagiza kwamba mtumishi aliyeandikwa bila mwisho wa muda, asiye na kosa kubwa, aarifiwe mbele: siku 14 za kazi zisizopungua, na siku 7 za kuongeza kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka 10 ana haki ya siku 84. (Watumishi wa serikali wana sheria yao.) Kudai siku hizo si uroho. Kunyamaza ili uonekane mpole, watoto wakilala na njaa, si upole.

Kisha ni heshima. Jana watu walimsimamia njiani, leo wanong'onezana: «Bila shaka ameiba dawa.» Ndiyo maana wako wanaoendelea kuvaa nguo safi kila asubuhi na kutoka nyumbani kama waendao kazini, kumbe waenda kukaa chini ya mwembe mbali na macho ya watu. Hapa kosa ni la kijiji. Kumsingizia mtu wizi kwa sababu amepewa barua ni dhambi ya ulimi, nasi twaizoea mno.

Lakini liko jambo la tatu, nalo nataka kulikawilia. Mwuguzi aliyekaa miaka mingi na wagonjwa wale wale ana elimu isiyoandikwa katika daftari. Ajua ya kuwa mzee yule hakubali kula mpaka asalimiwe kwa jina la baba yake. Ajua ya kuwa mama yule huficha kidonda cha kisigino kwa haya. Ajua ya kuwa mwingine akisema usiku «nasikia baridi», hataki blanketi, ataka mtu wa kuzungumza naye. Sasa mwuguzi ana hasira, na hasira yake ina haki. Asema moyoni: «Wamenifukuza, basi na wajionee wenyewe.» Aondoka bila kumwambia neno atakayeshika mahali pake. Ni nani atakayepata adhabu? Aliyetia sahihi barua atakula usiku huo kama kawaida. Mzee yule ndiye atakayelala bila kula. Fimbo imepiga mgongo usio na kosa.

Kwa hiyo nasema kwamba siku zilizobaki ni deni, wala si deni kwa tajiri wa kazi, ni kwa wagonjwa. Na apite kitanda kwa kitanda pamoja na yule atakayebaki, amwonyeshe kisigino kilichofichwa. Na awaambie wagonjwa kwa kinywa chake mwenyewe kwamba aenda. Wengine hutoka kimya kwa kuogopa machozi. Lakini mzee aliyekwisha kuachwa na jamaa zake atadhani ameachwa mara ya pili, tena bila kuambiwa sababu.

Baada ya kutoka, kishawishi kingine chamngoja nyumbani. Watu watamjia usiku: «Wewe wajua sindano, tuchome.» Watoto wana njaa, mikono ingali na ujuzi. Je, ni vibaya? Ndiyo, ni vibaya. Mikono ni ile ile, lakini nyuma yake hakuna tena daktari wa kuulizwa, wala maabara, wala daftari. Sindano isiyosafishwa yapitisha magonjwa ya damu kutoka mtu hata mtu, na dawa ya nusu yafundisha vijidudu kuizoea. Mwenye cheti na aombe ruhusa kwa daktari mkuu wa zone ya afya, afanye kazi mchana.

Hata hivyo si kila uuguzi wahitaji ruhusa, wala nyumba kubwa. Daktari Frans Hemerijckx, aliyetumika Kongo miaka mingi, alipokwenda Polambakkam katika India mwaka 1955 aliwatibu wenye ukoma chini ya miti. Naye Daktari Paul Brand, huko huko India, alionyesha kwamba ukoma wenyewe hauli vidole: waua mishipa ya kusikia, basi mtu ashika chungu cha moto ao akanyaga mwiba asijue. Aliyemaliza dawa bado ana miguu isiyosikia maumivu. Yafaa nyayo zitazamwe kila jioni, zilowekwe katika maji safi, zipakwe mafuta, zivikwe viatu. Hapo hakuna sindano. Jirani aliyekuwa mwuguzi aweza kuyafanya hayo, na kumfundisha mtoto wa nyumba ile.

Nanyi wenye wazee, msigeuze wema wake kuwa kazi ya bure. Akifika kila jioni kutazama nyayo za baba yenu, mlimieni shamba lake siku moja kwa juma, ao mpelekeeni kuni na mihogo. Na akiona haya kupokea, mpeni mke wake.