Msuluhishi Asiyesema Nani Mkosaji



Watoto wawili wakipigana uwanjani, mwalimu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuwaachanisha, kuwaamuru wapeane mikono na kuwarudisha darasani. Ya pili ni kuuliza kwanza nani aliyeanza, na kwa nini. Njia ya kwanza ni ya haraka, na mwalimu mwenye darasa la watoto sabini huipenda sana. Walakini sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtoto aliyepigwa bila kosa, akilazimishwa kumpa mkono aliyempiga pasipo neno lolote kusemwa, hurudi darasani amejifunza jambo moja tu: kwamba mwalimu hakutaka usumbufu. Na yule aliyempiga amejifunza jambo hilo hilo.

Leo twapenda kulitazama swali hili kwa upana wake, yaani mataifa yanapogombana na jumuiya za mataifa zinapoitwa kusuluhisha. Je, msuluhishi ana haki ya kukataa kusema nani mkosaji? Tutachukua mfano ulio karibu nasi, nao ni vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo vijana wetu wengi huvijua kwa jina tu.

Yatupasa kwanza kuwatendea haki waliouanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Walipokutana Addis Ababa mwezi Mei 1963 waliandika katika Mkataba wao kwamba nchi zote ni sawa, na kwamba hakuna nchi itakayoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwaka uliofuata, mjini Cairo, wakakubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo, na mmoja wa waliolisimamia neno hilo kwa nguvu alikuwa Mwalimu Nyerere. Mipaka yenyewe ilikuwa ya ajabu. Ule wetu na Uganda, magharibi ya Ziwa Viktoria, ni mstari uliopigwa kwa rula kwenye digrii moja kusini ya ikweta, ukakiacha kipande cha nchi kilicho ng'ambo ya mto Kagera kiwe upande wa Tanganyika. Lakini kama kila nchi ingeruhusiwa kuisahihisha rula ya Mzungu kwa bunduki, tungekuwa tunazika watu mpaka leo. Kanuni ile ilikuwa ukuta wa wanyonge, na hatuoni sababu ya kuicheka.

Upungufu wake ulikuwa mahali pengine. Ukuta humzuia mwizi wa nje. Hausemi kitu juu ya mtu anayepigwa ndani ya nyumba na mwenye nyumba.

Idi Amin aliitwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Waganda wenyewe walikuwa wakichukuliwa usiku wasirudi, na waliouawa katika utawala wake hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000, na wengine hutaja zaidi. Pamoja na hayo yote, Julai 1975 wakuu wa Umoja walikwenda kukutana Kampala, na kwa desturi yao mwenyeji akawa Mwenyekiti wa Afrika nzima kwa muda wa mwaka mmoja. Tanzania ilisusia mkutano ule, pamoja na nchi nyingine chache.

Sisi Waanglikana tunayo sababu ya pekee ya kuukumbuka wakati huo. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua wakilalamikia mauaji na uonevu. Siku chache baadaye, tarehe 16, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Makanisa duniani yalipaza sauti. Umoja wa Nchi Huru haukutoa hukumu yoyote. Wazee husema kesi ya nyani hakimu ngedere. Chama cha wakuu wa nchi huona vigumu sana kumhukumu mkuu wa nchi, kwa kuwa kila mmoja wao huwaza siku yake.

Basi mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, wanawake wakanajisiwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo. Mwalimu alilihutubia taifa, na maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, sisi tuliokuwa katika vyuo vya ualimu mwaka ule twayakumbuka kama tukumbukavyo jedwali la kuzidisha.

Wajumbe wa OAU wakaja. Mwenyekiti wa Umoja wakati huo alikuwa Rais Nimeiri wa Sudan, na Katibu Mkuu alikuwa Edem Kodjo wa Togo. Tanzania haikuwaomba askari wala fedha. Iliomba uvamizi uitwe uvamizi: Umoja umlaani aliyevamia, Amin ayaache madai yake juu ya ardhi ya watu, na alipe fidia ya alichoharibu. Umoja ulitaka mapigano yasimame, kisha pande mbili zikae zizungumze. Mapema mwaka 1979 kamati ya usuluhishi ilikaa Nairobi, ikainuka bila mapatano. Neno la kumlaani mvamizi halikupatikana.

Tafadhali msomaji, tulia kidogo hapa. Umoja uliokataa kusema ndio ule ule ulioandika kwamba mipaka iheshimiwe. Haikuhitajika sheria mpya. Ilitosha kuisoma kwa sauti ile waliyoipitisha wenyewe Cairo miaka 14 nyuma. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, ambayo iliwafunga mdomo alipouawa Askofu Mkuu, safari hii haikuwahusu hata kidogo, maana Kagera haikuwa mambo ya ndani ya Uganda. Walikuwa wamekwisha kuzoea kunyamaza, na mazoea yana taabu.

Wako watakaotetea. Watasema msuluhishi akimlaumu mmoja, huyo hatamsikiliza tena, na damu itaendelea kumwagika. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Kazi ya mshenga ni kupeleka maneno na kurudisha maneno. Akianza kumkemea baba wa binti, posa imekufa. Hata Bwana wetu, mtu mmoja alipomtaka amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, alikataa kufanywa mwamuzi. Lakini mshenga hutumwa kwa watu wawili ambao wote wanataka ndoa. Hatumwi kwa mwizi na aliyeibiwa. Na Nathani alipotumwa kwa Daudi, baada ya Uria kuuawa na mkewe kuchukuliwa, hakwenda kutafuta mwafaka kati ya mfalme na jamaa ya marehemu. Alimwonyesha mfalme kwamba mwenye hatia ni yeye. Kutopendelea maana yake ni kuwapima wote kwa mizani moja. Anayekataa kuishika mizani kabisa amempendelea mwenye nguvu, hata kama hakukusudia.

Tena ukimya ule ulizaa jambo jingine. Kwa kuwa hakimu hakutaka kuhukumu, aliyedhulumiwa akawa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Jeshi letu liliwafukuza wavamizi, na Januari 1979 likavuka mpaka. Amin akaletewa askari kutoka Libya, lakini hawakumwokoa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliopigana pamoja nalo.

Kuwarudisha wavamizi mpaka mpakani hakuhitaji mjadala. Kwenda Kampala kwahitaji. Mwalimu alieleza kwamba vita vilikuwa viwili: cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, na cha Waganda kujikomboa. Maelezo hayo yana ukweli, ila kila mtu alijua mizinga mikubwa ilikuwa ya nani. Sisi twaamini kwamba kwenda Kampala kulikuwa haki, na kwamba ingekuwa bora zaidi kutamka wazi kwamba serikali inayochinja watu wake imeipoteza haki ya kujificha nyuma ya mpaka. Lakini katika Afrika ya 1979 nani angaliitikia? Wakuu walipokutana Monrovia mwezi Julai mwaka ule, Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania mbele ya wote. Waliokosa la kumwambia mvamizi walipata la kumwambia aliyemtoa. (Ajabu ni kwamba mkutano huo huo ndio ulioagiza utayarishwe mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, ukapitishwa Nairobi mwaka 1981. Pengine aibu nayo hufanya kazi yake polepole.) Gharama za vita kwa sehemu kubwa tulizibeba wenyewe. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na kila aliyepanga foleni ya sabuni anajua miezi ile ilikuwa mirefu kiasi gani.

Hata hivyo tusijisifu mno. Waliotulaumu Monrovia hawakuwa wajinga wote. Rais Lule alidumu siku 68 tu madarakani. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulileta ugomvi, ugomvi ukaleta vita vya msituni, na watu wa Luwero walikufa kwa maelfu kabla ya vita hivyo kwisha Januari 1986. Tena jirani anayevuka mpaka kwa sababu njema humwonyesha njia yule atakayevuka kwa sababu mbaya. Agosti 1998 Rwanda na Uganda zilipeleka majeshi Kongo, kila moja ikisema inajilinda. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoipima kesi ya Uganda, ilitamka Desemba 2005 kwamba imevunja sheria, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Hapo angalau palikuwa na hakimu aliyesema, ingawa waliokufa hawakumsikia.

Kwa hiyo hatuwezi kumwachia jirani mmoja kazi hii, hata akiwa mwema. Viongozi wa Afrika nao walikuja kuliona hilo, na mauaji ya Rwanda ya 1994 yaliwafungua macho. Mkataba uliounda Umoja wa Afrika, uliotiwa sahihi Lomé mwezi Julai 2000, una kifungu cha nne ambacho twamshauri kila mwalimu wa uraia akisome na wanafunzi wake. Kinakataza nchi moja kuingilia mambo ya nchi nyingine, kama zamani. Kisha kinasema kwamba Umoja wenyewe una haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Likaundwa na Baraza la Amani na Usalama la nchi 15, likaanza kazi mwaka 2004.

Baraza hilo lilijaribiwa jirani na kwetu. Burundi ilipochafuka mwaka 2015, tarehe 17 Desemba liliamua kupeleka askari 5,000 kuwalinda raia. Rais Nkurunziza akajibu kwamba wakija bila ruhusa watapigwa kama wavamizi. Mwishoni mwa Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, wakaona askari wasipelekwe bila ridhaa ya serikali ya Burundi. Hawakupelekwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi tukiwamo, ilishika njia ya mazungumzo, na marehemu Mzee Mkapa akapewa kazi ya kuyaendesha Arusha. Serikali ya Burundi ikakataa kuketi na wapinzani iliowatuhumu kutaka kuipindua. Wakati huo kambi ya Nyarugusu ilikuwa imejaa, na Nduta ilikuwa imefunguliwa tena kupokea wengine.

Hatusemi kwamba askari 5,000 wangaliiponya Burundi. Yaliyotokea Uganda baada ya 1979 yatukataza kusema hivyo kwa urahisi. Tunachouliza ni kama Baraza lilipaswa kutamka neno ambalo wakuu wake hawakuwa tayari kulilipia, na kama sisi wananchi tungekubali tena kupanga foleni ya sabuni kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Wasomaji wa Kyaka na Misenyi waliokuwapo mwaka 1978, na wale wa Kasulu na Kibondo wanaoishi karibu na kambi, wanayo ya kutueleza kuliko sisi. Tafadhali watuandikie, nasi tutayachapa katika toleo lijalo nafasi ikiruhusu.