JE, KUMPIMA MHUBIRI NI DHAMBI?

Kijana mwenzangu,

Labda huendi kanisani, na sababu unazo. Umeona kikapu cha sadaka kikipita mara tatu katika ibada moja. Umesikia habari za Moshi, ambako mwaka 2020 watu 20 walikufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Umesikia na habari za msitu wa Shakahola, kule Kilifi. Tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa maelezo ya walionusurika, waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu.

Unajiuliza: “Nikienda huko, akili yangu niiache mlangoni?”

Hapana, rafiki! Ingia nayo.

Hebu soma Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo alifika Beroya, akahubiri. Watu walimsikiliza kwa moyo, lakini kila siku walichunguza Maandiko waone kama ni kweli. Huyo ni Paulo, mtume! Je, Biblia inawakemea? La, inawasifu. Basi anayekuambia, eti, ukimhoji mtumishi utalaaniwa, anadai heshima ambayo hata Paulo hakuidai.

Mhubiri mwaminifu anakupa kifungu ukasome mwenyewe. Anakuambia dhambi yako hata kama utanuna, kisha anakuonyesha msalaba. Hakuuzii baraka. Ukiugua anakuombea, na hospitali hakukatazi. Ukimuuliza, anajibu.

Lakini na wewe nikuambie ukweli. Ukipewa noti bandia, je, unaacha kutumia pesa? Mbona basi unamkimbia Yesu kwa sababu ya mhubiri mwongo? Waberoya walichunguza, na wengi wao wakaamini. Wewe umechunguza lini? Kusema “wote ni matapeli” bila kufungua Biblia si kupima, ni kukwepa.

Usitegemee kukuta kanisa la malaika. Utakuta watu wanaotengenezwa, kama wewe. Lakini una haki ya kukuta Neno.

Usiku huu pima hata karatasi hii. Azima Biblia, anza na Injili ya Marko, sura 16 tu. Kabla hujasoma, sema kwa maneno yako: “Yesu, kama wewe ni kweli, nionyeshe. Nikiona, nitakufuata.”

Je, uko tayari kuona?