Nani Kasema Watu wa Kusini Hatupendi Shule?

Kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule moja si mbali na Mikindani, mgeni rasmi alitutukana wazazi kwa upole. Watu wa Kusini hampendi shule, alisema, mnapenda ngoma. Igeni Wahindi, wao mtoto akizaliwa tu wanawaza elimu. Makofi yakapigwa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja ambaye vidole vyake vina weusi ule usiotoka kwa sabuni, weusi wa mafuta ya ganda la korosho. Anabangua nyumbani, analipwa kwa kilo, na kwa kazi hiyo amemsomesha mwanawe hadi stashahada. Naye alipiga makofi. Nikamuuliza kwa nini. “Si mgeni, mwanangu? Mgeni hupigiwa makofi.” Tangu siku hiyo maneno ya mgeni yamenikaa kooni.

Elimu ni nini, tusigombane. Vitabu vya ualimu vina fasili za kutosha. Ninalouliza ni jambo jingine: tukisema jamii fulani inathamini elimu, tunasema nini hasa? Thamani hiyo imo ndani ya watu, wanazaliwa nayo na kurithishana, au iko nje yao, katika barabara, darasa, na kazi inayoonekana mbele?

Tuanze na hao Wahindi tunaoambiwa tuwaige. Wafanyabiashara wenye asili ya Kutch na Gujarat walikuwapo Mikindani kabla Mjerumani hajajenga boma lake pale mwaka 1895. Mtoto wa duka alijifunzia dukani: kupima, kukopesha, kuandika daftari kwa Kigujarati, kumjua mteja atakayelipa na atakayepotea. Alichojifunza asubuhi alikitumia jioni. Hakuna aliyelazimika kumhubiria umuhimu wake. Kisha Mwingereza akagawa shule za Tanganyika kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha zikafuata ngazi hizo hizo. Wahindi walijichangisha sana kujenga shule zao, na sifa hiyo ni yao kwa haki. Ila walijichangisha mijini, penye mzunguko wa biashara, na serikali ikawaongezea. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yalipotaifishwa, familia nyingi ziliona kwamba nyumba ya miaka thelathini inaweza kuondoka kwa siku moja. Nadhani hapo ndipo udaktari, uhasibu na uanasheria vilipopata uzito mpya majumbani mwao, kwa kuwa cheti kinavuka mpaka pamoja na mwenyewe. Hawa ni watu walioisoma hali yao wakaamua kwa akili. Damu haina kazi hapo.

Ingekuwa ni damu, India yenyewe ingethibitisha. Sensa yao ya mwaka 1991 ilikuta asilimia 52 tu ya wenye umri wa miaka saba na zaidi wanajua kusoma na kuandika. Mwaka huo huo jimbo la Kerala lilitangaza kwamba limemaliza tatizo la kutojua kusoma na kuandika kwa wananchi wake. Na sisi? Mwaka 1986 takwimu za serikali yetu zilisema takriban asilimia 90 ya watu wazima wa Tanzania wanajua kusoma, baada ya miaka ya kampeni za kisomo ambamo bibi zetu walikaa darasani jioni wakiwa wametoka shamba. Sasa tumwige Mhindi yupi, wa Kerala au wa jimbo lililobaki nyuma kama Bihar? Na yule Mtanzania asiyependa shule ni yupi, maana wa 1986 simwoni? Korosho ghafi za Mtwara zimebanguliwa miaka mingi huko Kollam, Kerala, na akina mama wenye vidole vyeusi kama vya jirani yangu wa mahafalini. Hakuna anayewaambia wao kwamba wanapenda ngoma.

Hoja ya ngoma ndiyo inayonichoma kuliko zote, na ndiyo haichoki kurudiwa. Kila matokeo ya mitihani yanapotoka mabaya, anatokea mtu wa kulaumu jando na unyago. Hasemi kwamba hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilivuka Rufiji kwa kivuko, na masika ilitufungia huku kwa wiki nyingi. Hasemi kwamba mwalimu aliyepangiwa Newala au Tandahimba alipokea barua yake kama adhabu. Mtoto aliyekosa mwalimu wa hisabati miaka minne anaambiwa kilichomponza ni ngoma ya wiki chache, ambayo siku hizi wengi huiweka wakati wa likizo! Wapo mabinti walioozwa mara baada ya unyago, na wapo wazazi wanaowatoa watoto darasani msimu wa korosho. Hayo ni makosa na yakemewe.

Lakini litazameni likumbi, kambi ya jando, kwa macho ya mwalimu. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, aliona kwamba kulipiga marufuku jando ni kupoteza watu, akalipa sura ya Kikristo, ibada na sala zikaingia kambini. Wapo waliomlaumu kwa kulipunguza mno na kuamua peke yake kipi ni kiovu. Mimi namheshimu kwa jambo moja: aliitambua kuwa ni shule. Kambini hakuna utoro. Kijana anaingia na jina la utotoni, anatoka na jina jipya na nguo mpya, na kuanzia siku hiyo wazee wanamsalimia tofauti. Wazazi wanaouza mbuzi ili mtoto atoke vizuri ni wale wale tunaoambiwa hawathamini mafunzo.

Na shule je, inampa nini anayeithamini? Mtoto wa yule mama wa mahafalini alisomea mambo ya gesi. Baada ya vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi, vijana wa Mtwara waliambiwa wasome, ajira za gesi ya Msimbati zinawasubiri. Bomba likaenda Dar es Salaam, yeye akabaki na cheti na bodaboda ya mkataba. Leo anaambiwa alichagua kozi isiyo na soko.

Hapo nami nakwama. Nikisema watu huthamini elimu pale wanapouona mwisho wake, nimempa haki ya kuondoka mtoto asiyeona kazi mbele, na sitaki aondoke. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akapita Ndanda, na mbele ya macho yake hapakuwa na urais wa kuonekana. Tena likumbi lenyewe halitoi ajira. Linatoa nafasi miongoni mwa watu, na kwa hiyo nafasi wazazi hawahesabu gharama. Labda hicho ndicho shule inapaswa kutoa kabla ya kazi. Ila kila aliyeingia likumbi hutoka akiwa mtu mzima, wakati mtihani wa kidato cha nne umetungwa ili uwatenge waliofaulu na waliofeli, na sijapata kusikia mtu akieleza jinsi ya kumpa nafasi hiyo kijana aliyepata sifuri.