Mchezo wa Vita na Haki ya Kuhesabiwa

Jioni moja, katika chuo cha ualimu nifundishamo, si mbali na mji wa Eldoret, niliwakuta wanachuo wanne wameizunguka kompyuta moja kama watu waotao moto wakati wa baridi. Walikuwa wakicheza mchezo wa vita vya kale. Mmoja aliongoza Wafaransa, wa pili Waturuki, wa tatu Wamongolia. Wa nne, kijana mzaliwa wa Nandi, alikaa kando amekunja mikono. Nilipomwuliza kwa nini hachezi, alinijibu: "Mwalimu, nangoja siku watakapotutia na sisi." Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, na mimi nilirudi nyumbani nikiwa nalo jibu lake.

Ninyi msomao kurasa hizi huenda mmeicheza michezo ya namna hiyo, tena pengine kwa ustadi kunishinda. Basi mwajua kuwa kabla ya vita kuanza mchezaji huonyeshwa orodha ya mataifa, naye huchagua lake. Orodha hiyo yaonekana kuwa jambo dogo, lakini ndani yake mna hukumu. Mtunzi wa mchezo amekwisha kuamua nani alikuwa mtu wa kuhesabiwa duniani na nani alikuwa majani ya njiani. Hasemi kwamba wengine hawakuwapo. Hunyamaza tu, na kimya hicho kina nguvu kuliko uongo, maana uongo una maneno na maneno hukanushika. Asiyekuwapo na lake halipo.

Chukueni mfano wa mchezo mashuhuri uitwao Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999. Ulikuwa na mataifa 13, na miongoni mwake halikuwamo hata moja la Afrika ya kusini mwa Sahara. Ilipita miaka 16 kabla ya kutolewa, mwaka 2015, nyongeza iliyowatia Wahabeshi, watu wa Mali na Waberberi. Wengi walifurahi, na haki yao kufurahi. Lakini nyongeza hiyo hiyo, yenye jina la falme za Afrika, iliwatia Wareno pia, ikawapa kisa cha Francisco de Almeida. Huyu ndiye jemadari aliyezipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na kuziteka nyara. Kilwa, iliyokuwa na msikiti mkubwa wa mawe na sarafu zenye majina ya masultani wake, haikupewa upande wake katika nyongeza ile, aliyeivunja alipewa. Sisemi kwamba watunzi walikuwa na nia mbaya. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hao waliiwamba ngoma kwa ngozi waliyokuwa nayo, yaani vitabu walivyovisoma.

Yule kijana hakungoja sana. Yeye na wenzake watatu waliazimia kutunga mchezo wao wenyewe, kwanza kwa karatasi na kete, kisha kwa kompyuta, kuhusu vita vya Wanandi na Waingereza vya mwaka 1895 hadi 1906. Habari zake wanazijua watu wa huku. Kwa miaka kama 10 Wanandi walikataa kutawaliwa. Walikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli iliyopita katika nchi yao kuelekea ziwani, wakafanya mapambo na silaha. Kiongozi wao alikuwa orkoiyot Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alitoka kwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi akafa papo hapo, na wafuasi wake wakauawa pamoja naye. Meinertzhagen alidai kuwa yeye ndiye aliyetegewa mtego, na mabaraza ya uchunguzi hayakumtia hatiani. Fimbo za uongozi alizozichukua zilirudishwa Kenya mwaka 2006, baada ya miaka 101.

Kuwatia Wanandi katika orodha kulikuwa kazi ya dakika moja. Taabu ilianza baadaye. Katika mchezo kila tendo lina malipo yake. Likifaa huongeza alama, lisipofaa hupunguza. Siku ile ya Oktoba itiweje? Ikiwa mchezaji wa upande wa Waingereza ataruhusiwa kumwita adui kwa amani na kumwua, naye akashinda vita kwa tendo hilo, basi mchezo umemfundisha kwamba hiana ni njia ya mkato. Akikatazwa, mchezo umesema uongo, kwa sababu ndivyo vita ilivyomalizwa. Walibishana juma zima. Mimi nilipoulizwa nilisema waiache, kwa maana ukweli unaoudhi ni bora kuliko adabu ya uongo. Ila wamwonyeshe mchezaji uso wa mtu aliyekuja kuzungumza. Sijui kama nilijibu vema. Msichana mmoja aliniambia kuwa mchezaji akisha kuzoea kushinda hatazami nyuso.

Kisha likaja jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitazamia. Walikuwa wamechora pande mbili tu, Wanandi na Waingereza. Mwenzao mmoja, ambaye mamaye ni Mmaasai, aliwakumbusha kwamba katika msafara wa mwaka 1905 askari wengi waliofuata bendera ya Waingereza walikuwa Waafrika, na Wamaasai walikuwamo kama wasaidizi wa vita. Nao walikuwa na sababu zao: nyanda hizi za Uasin Gishu zilipata jina lake kwa Wamaasai wa Uasin Gishu, walioishi huku na kuvunjwa nguvu kwa vita katika karne ya 19. Na kabla yao waliishi watu ambao mapokeo huwaita Wasirikwa, walioacha mashimo ya mazizi yao milimani. Kila upande ulipoongezwa, ulionekana nyuma yake upande mwingine umesimama ukingoja zamu. Aliyesahauliwa leo naye alipata kumsahaulisha mwingine jana.

Hapo niliogopa, na yanipasa kusema kwa nini. Hapa ni Eldoret. Mwezi Januari 2008, baada ya uchaguzi, nilikuwa kijana wa shule. Niliuona uwanja wa maonyesho ya kilimo ukijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Huko Kiambaa, siku ya kwanza ya mwaka ule, watu waliokimbilia kanisani waliteketezwa kwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Siku zile kila mtu barabarani alikuwa na upande, apende asipende, na upande huo ulisomwa katika jina lake. Je, mwalimu wa mji huu ana ruhusa ya kuwaambia vijana wagawane makabila juu ya meza, huyu awe huyu na yule awe yule, kisha wapigane?

Mtu ataniambia kwamba mchezo ni mchezo tu. Sikubali. Mtoto hujifunza kupika kwa vyungu vya udongo wa uani kabla hajaruhusiwa kukaribia meko. Lakini pia sikubali kwamba dawa ni kunyamaza. Mwaka 2008 hatukuwa tumefundishwa neno juu ya nani aliishi wapi na aliondokaje. Tulikuwa na uvumi wa nyumbani, kila nyumba na wake. Kimya hakikutulinda. Kwa hiyo niliwaruhusu waendelee, kwa sharti moja: mtu asichukue upande wa kabila lake. Kijana wa Nandi akapewa Waingereza. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimsikia akieleza kwa sauti kubwa kwa nini afisa aliye mbali na kwao, mwenye hofu na tamaa ya cheo, angeweza kufanya alilolifanya; akanyamaza ghafla, kama mtu aliyejikwaa.

Lipo kundi jingine lililonisumbua zaidi, nalo si kabila. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika ya Mashariki katika nchi isiyokuwa na barabara za kutosha. Chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria hukadiria kuwa walikufa wapatao 95,000 au zaidi, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jina la jeshi lao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako watu huenda sokoni bila kukumbuka. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa Waingereza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hao utawatiaje mchezoni? Hawakuwa na bunduki, wala mfalme, wala rangi ya bendera. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hakuna mchezo unaompa mtu nafasi ya kuwa nyasi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alisema waachwe, kwani upande usioweza kushinda si upande. Naona alikosea. Tukiwahesabu wale tu walioweza kushinda, tumerudi kwenye orodha ile ile ya mwaka 1999, tumebadili majina.

Yule msichana niliyemtaja ndiye aliyewatia. Babu wa babu yake alichukuliwa upagazi mwaka 1917, na nyumbani kwao hakuna ajuaye alizikwa wapi. Katika karatasi yake wapagazi hawana nguvu ya kushambulia. Wana mzigo, chakula cha siku kadhaa, na idadi inayopungua kila mvua inaponyesha. Majeshi mengine hayawezi kusogea bila wao. Mara ya kwanza kuucheza, kijana aliyeongoza Waingereza aliwasukuma mbele bila kutazama namba yao, akaiteka ngome aliyoitaka, kisha akakuta hana hata mtu mmoja wa kumletea unga.

Jumamosi iliyopita niliwaacha wakibishana tena. Nusu yao walitaka mpagazi aruhusiwe kutoroka usiku, kama wengi walivyofanya kweli. Wengine walisema akitoroka amekwisha kushindwa. Msichana yule alisema kwamba akitoroka akafika kwao, huyo ndiye pekee aliyeshinda katika vita nzima, na akauliza ni alama ngapi apewe.