Kidonda cha Shangazi Kiko Wapi?

Nyumbani kwetu Kinindo, lango la chuma likibamizwa, shangazi hujitupa sakafuni. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikwisha, lakini mwili wake bado uko vitani. Nilipoanza kusoma saikolojia nilitarajia jibu moja. Nimepata matatu.

Freud angesema kuna jambo shangazi amelizika moyoni, nalo litamsumbua mpaka alitamke. Wanautabia, waliofuata njia aliyoitangaza Watson mwaka 1913, wangeacha habari za moyo na kutazama kishindo: kama mbwa wa Pavlov waliozoea kuunganisha mlio na chakula, shangazi ameunganisha mlio na kifo, basi azoezwe upya polepole. Beck angemuuliza ni wazo gani humjia lango linapolia, na kama wazo hilo bado ni la kweli.

Kila nadharia ina msaada wake. Ila zote tatu zinaanza kutafuta kidonda ndani ya mtu mmoja. Shangazi hakujeruhiwa na mawazo yake. Alijeruhiwa na watu, wengine majirani. Tukimwambia abadilike yeye tu, je, hatumtwishi peke yake mzigo wetu sote?

Mwenzangu darasani alinijibu kwamba mganga hatibu mlima mzima, anamtibu aliyekuja. Ni kweli. Shangazi anahitaji usingizi leo, hawezi kungoja jamii ipone kwanza.

Hata hivyo, kusini-magharibi mwa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti walijaribu njia nyingine na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Kwanza waliuliza wenyeji wanaiitaje huzuni yao. Kisha watu walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Vijiji vilivyopata vikundi vilipata nafuu kubwa kuliko vile visivyopata.

Kwa hiyo naona kuchagua nadharia ni pia kuamua nani ana wajibu. Nadharia njema imsaidie mgonjwa, na ituulize sisi tulio karibu naye tunafanya nini.

Nilimuuliza shangazi hali yake inaitwaje. Alijibu kwa Kirundi: akabonge. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Siku hizi nyumbani kila mmoja wetu hulisindikiza lango kwa mkono.