Picha ya Lesbos: je, ni uongo?

Mwanzoni mwa 2020, nikiwa bado sekondari, kijana wa mtaani kwetu Buyenzi alimtumia mama yake picha. Amevaa miwani ya jua. Nyuma yake bahari na meli nyeupe. Kaandika: "Mama, nimefika kisiwani. Napumzika." Mtaa mzima ukasema yuko likizo Ugiriki.

Meli ile haikuwa yake. Alivuka usiku kutoka Uturuki kwa boti ya mpira hadi Lesbos, akalala hemani Moria, kambi iliyotengenezwa kwa watu kama 3,000. Ilipoteketea Septemba mwaka ule walikuwamo zaidi ya 12,000. Ndipo alipopiga simu akilia, nasi tukajua.

Je, alisema uongo? Kufika alifika, kisiwa ni kisiwa, na aliyevuka bahari usiku ana haki ya kupumzika. Wanazuoni huita hiyo tauria: neno la kweli linalompeleka msikilizaji kwenye maana nyingine. Imam Nawawi, katika Al-Adhkar, anaeleza kwamba yafaa penye haja, ni makuruhu pasipo haja, na ni haramu ikiwa njia ya kupora haki ya mtu.

Zamani nilimtetea. Mama ana presha. Haja gani ipite hiyo? Lakini picha haikuishia kwa mama. Mdogo wake aliiona pia, akamwuliza kaka nauli ya Istanbul ni kiasi gani. Kaka akajibu kwa picha nyingine, ya machweo. Simu ya kilio ilipokuja, kiwanja cha marehemu baba kilikuwa kimeshauzwa, sehemu ya dada zao ikiwa humo humo.

Kwa picha ya kwanza, mimi simlaumu. Ya pili ndiyo inayonikosesha jibu jepesi. Hakukusudia kumdhulumu mtu, najua, ila aliyeulizwa nauli anaombwa ushauri, na mwenye kuombwa ushauri amebeba amana. Mama alihitaji usingizi, mdogo wake alihitaji kusikia habari ya hema.

Nasi je? (Naandika hili kwa aibu.) Angeandika "nalala kwenye tope", tungemcheka barazani kwamba kala pesa za watu na kushindwa. Picha zile aliwapigia watu wa baraza letu pia.

Mdogo wake hakusafiri. Pasipoti anayo bado, dada zake hawajalipwa.